Msimamizi Anayelala Jengoni

MWANAISHA: Karibuni kipindini, wasikilizaji wetu wa Malindi na popote mlipo. Leo tunamzungumzia msimamizi wa fleti, yule anayekaa humo humo jengoni na wapangaji. Kaka Kahindi, ukiambiwa umchague mmoja, utamtazama nini kwanza?

KAHINDI: Maji, dada. Nitamuuliza tangi lina lita ngapi na zinatosha siku ngapi. Akijibu papo hapo, tuendelee kuzungumza.

MWANAISHA: Hata kabla ya kodi?

KAHINDI: Kodi siku hizi inaingia kwa M-Pesa au benki. Maji ya Malindi ndiyo mtihani: yanatoka Baricho, visimani kando ya Mto Sabaki, na yanasukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika kule, huku mabomba yanakauka. Sasa chukua jengo la fleti 16, kila moja watu 3, kila mtu lita 70 kwa siku. Hizo ni lita 3,360. Tangi la lita 10,000 halifikishi siku tatu. Msimamizi hodari anaagiza boza siku ya kwanza, wenye maboza hawajazidiwa na simu. Mwengine anangoja mpaka mama wa ghorofa ya nne ateremke na ndoo.

MWANAISHA: Tena yule hodari anawaambia watu mapema. Ujumbe mmoja asubuhi kwenye kundi la WhatsApp: maji hayajaja, tangi limebaki nusu, leo tusifue, boza laja jioni. Mpangaji aliyeambiwa ukweli huvumilia. Aliyefichwa ndiye agombanaye.

KAHINDI: Naam. Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari hapa kwetu unakula geti, bawaba, mpaka zege. Ukiona doa la kutu chini ya roshani, au plasta imepasuka kufuata nondo, ujue nondo imeshashika kutu ndani. Kutu huvimba, zege likasukumwa, likabanduka. Wengi hupaka rangi tu juu yake. Rangi haizuii lolote, na chini ya roshani ile watoto wanacheza!

MWANAISHA: Kwa hiyo lazima awe fundi?

KAHINDI: Hapana. Awe na macho, na awe na fundi anayemwamini. Kila asubuhi azunguke, apande paani, aguse vali, aisikilize pampu. Pampu inayowaka na kuzima usiku, watu wote wamelala, inakwambia kuna mahali panavuja. Na masika yasimkute hajasafisha mifereji ya paa wala hajanyonya karo, lile shimo la maji taka. Mvua ya Aprili ikikuta karo limejaa, ghorofa ya chini hapakaliki.

MWANAISHA: Mimi niwarudie watu. Kuishi jengo moja na wapangaji kunakuonyesha mengi: nani anachelewa kurudi, nani ana ugomvi na mumewe, nani kodi imemshinda mwezi huu. Msimamizi mzuri hayafikishi hayo barazani. Funguo za akiba anazo, lakini haingii kwa mtu bila ruhusa, ila pawe na moto au bomba limepasuka. Hata zile nakala za vitambulisho, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka zihifadhiwe salama, si kuachwa mezani kwa bawabu.

KAHINDI: Na siku ya kuingia wapige picha, mpangaji akiwepo. Siku ya kurudisha amana hapatakuwa na maneno.

MWANAISHA: Mwenye nyumba naye? Wengine wako Nairobi, wengine Italia.

KAHINDI: Huyo anataka hesabu safi. Ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha, kwa walio kwenye utaratibu wa kila mwezi, ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Daftari lisichelewe. Lakini naye aache fungu la dharura. Vali imepasuka saa hizi, haingoji mtu apokee simu Milano.

MWANAISHA: Na amwachie mapumziko! Hili linaniuma, kaka. Kwa sababu analala pale pale, watu humhesabu yuko kazini usiku na mchana. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku hiyo nani ashike jengo?

KAHINDI: Bawabu afundishwe swichi ya pampu na vali kuu, na namba za fundi bomba na fundi umeme zibandikwe kwenye chumba cha pampu.

MWANAISHA: Na wapangaji waambiwe siku ipi, wamwite bawabu, mlango wa msimamizi wauache. Wiki ijayo tutakuwa na fundi wa karo hapa studioni. Tuleteeni maswali kabla ya Alhamisi.