Mizigo Imeshafungwa, Ndipo Tunaomba

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni, ketini.

Wale mlionisikia mara mbili tatu mtanong'onezana kwamba mzee huyu ana somo moja tu. Ni kweli. Nitaliacha siku mtakapoacha kuniletea maombi ya aina ile.

Aina ipi? Mtu anakuja jioni, anakaa kwenye ukingo wa kiti, Biblia magotini. "Mtumishi, naomba tushirikiane kuomba. Nataka kujua kama ni mapenzi ya Mungu niache kazi." Namwuliza barua ya kuacha kazi ameipeleka lini. Kimya. Halafu anafungua Biblia, na katikati ya Zaburi kuna nakala ya barua, imeshagongwa muhuri wa kupokelewa, wiki mbili zimepita. Sasa mimi na yeye tupige magoti tuombe nini?

Sikumcheka. Mimi nilifanya vibaya kuliko yeye. Nikiwa kijana nilichukua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikapanga miaka 7: masomo, ndoa, huduma, watoto, hata majina yao. Kurasa 11. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kubanana maana nafasi ilikuwa imekwisha, nikaandika: "Bwana akipenda." Miaka ikapita, mke wangu akaliokota lile daftari, akasoma mpaka mwisho, akaniuliza: "Hapa ulimwomba Mungu, au ulimpa taarifa?"

Sijapata jibu mpaka leo.

Fungueni Yeremia 42. Najua mlikuwa mmeshafika Yakobo 4. Ile ya maisha yetu kuwa mvuke, kwamba tuseme "Bwana akipenda", mnaijua kwa moyo, na mkiijua kwa moyo haiwasumbui tena. Siku hizi mtu akikuambia "Mungu akipenda nitafika", wewe usimwekee kiti. Haji. Tumelifanya jina la Mungu kuwa njia ya adabu ya kukataa mwaliko. Kwa hiyo leo Yeremia.

Yerusalemu imeanguka, hekalu limechomwa. Gedalia, aliyewekwa na mfalme wa Babeli kuwatawala waliobaki, ameuawa na Ishmaeli. Yohanani mwana wa Karea amewaokoa watu, na wote wanaogopa kwamba Wakaldayo, yaani Wababeli, watakuja kulipiza kisasi. Wanamwendea Yeremia kwa heshima zote: tuombee kwa Bwana, atuonyeshe njia ya kuiendea. Wanaapa. Liwe neno jema, liwe neno baya, tutatii.

Maombi mazuri hayo. Mtu angesema amina. Lakini rudini nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41. Wakati wanasema maneno hayo wamepiga kambi wapi? Karibu na Bethlehemu, njiani kwenda Misri. Mwandishi hakutuficha: walikaa pale ili waende Misri. Mizigo imeshafungwa, ndugu zangu. Watoto wameshavishwa viatu. Ndipo wanamwita nabii.

Na msiwaone wajinga. Mpango wao ulikuwa na akili. Walisema Misri hatutaona vita, hatutasikia tarumbeta, hatutakuwa na njaa ya chakula. Nani kati yenu angewabishia? Mtu mwenye familia, mji umeungua, jeshi linakuja! Ningekuwa mimi, labda ningebeba godoro la kwanza. Mpango wenye akili ndio mgumu kuufungua mbele za Mungu. Mpango wa kijinga unajivunja wenyewe.

Sasa tazama mstari wa 7: jibu lilikuja baada ya siku 10. Nabii mwenyewe, Yeremia, alikaa siku 10 bila neno. Sisi tunaomba Jumatatu usiku, Jumanne asubuhi tunasema, "Nimepata amani moyoni." Amani! Yona naye alilala usingizi mzito ndani ya merikebu iliyokuwa ikimkimbiza kutoka kwa Bwana. Ile ilikuwa amani ya nani?

Siku ya 10 neno likaja: kaeni katika nchi hii, nami nitawajenga. Msimwogope mfalme wa Babeli. Msiende Misri. Nao wakasemaje? Wakamwambia Yeremia: unasema uongo! Tena wakamtafuta wa kumlaumu, wakampata Baruku, karani wake Yeremia, eti ndiye anayemchochea. Jibu lisipopendeza, lawama zinamshukia aliyeshika kalamu.

Wakaenda Misri. Na hapa ndipo ninapoumia kila nikisoma: wakamchukua na Yeremia. Nabii aliyewaambia msiende, wamembeba kama mzigo mmojawapo mpaka Tahpanhesi. Mungu hawakumwacha, hapana. Wangemwacha ingekuwa afadhali, tungejua moja. Walitaka nabii awepo, ila awepo ndani ya safari yao.

Naona mkono pale, na najua unachotaka kusema. "Kwa hiyo tusipange?" Kila mahali naulizwa hilo, na mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye amekaa miaka mitatu hafanyi kitu akisema anamngojea Bwana. Bwana naye anamngojea! Yesu mwenyewe katika Luka 14 anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza akahesabu gharama. Panga. Hesabu. Piga mistari kwa rula, mimi sina ugomvi na rula. Nauliza tu: Mungu akisema hapana, iko wapi nafasi ya kuiandika? Daftari langu halikuwa nayo hata mstari mmoja.

Halafu kuna methali yetu, binadamu hupanga, Mungu hupangua. Inasemwa lini? Siku mambo yameharibika. Hujasikia mtu akiisema siku ya harusi. Tumemfanya Mungu mbomoaji anayesubiri tumalize kujenga ndipo aje na nyundo. Mithali 16:9 haisemi hivyo. Inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali Bwana huziongoza hatua zake. Kuongoza si kupangua. Anayekuongoza mko naye njiani tangu hatua ya kwanza. Kama umemwita kwenye hatua ya mwisho, usishangae akikugeuza, wala usimwite mbomoaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matatu mengine, ngoja niyapitie mbio.

Paulo. Alitaka kuhubiri Asia, akakatazwa na Roho; akajaribu Bithinia, hakuruhusiwa. Aliwaambia Warumi alikusudia mara nyingi kwenda kwao, akazuiliwa. Kule kuzuiliwa kumetupa waraka wa Warumi, maana asiyeweza kufika huandika. Na alipofika Rumi alifika mfungwa. Hispania aliyoipanga, Biblia haisemi kama aliiona.

Gethsemane. Watu wanafikiri kujisalimisha ni kujifanya huna unachotaka. Yesu alisema anachotaka, waziwazi: kikombe hiki kiniepuke. Akaomba mara 3, maneno yaleyale. Kisha, si kama nitakavyo mimi. Hili lilistahili somo lake peke yake.

La tatu lilikuwa ngozi ya kondoo ambayo Gideoni aliitumia kumwomba Mungu ishara, na ninyi mnaoweka ishara ili Mungu akubaliane nanyi. Limeniponyoka, mtanialika tena.

Tusimame tuombe. Na wewe ndugu wa pale nyuma unayefunga begi, ngoja kidogo, hatujasema amina.