Dole gumba la mzee

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuja, najua wengi mmeacha shamba. Mada iliyoandikwa pale ni ndefu; mimi nazungumzia dole gumba tu: mzee akilibandika kuuza shamba, tunajuaje akili yake ilikuwa timamu?

Tangu serikali ihamie Dodoma, shamba la uwele limegeuka viwanja, na mzee mwenye shamba ghafla ana ndugu wengi. Nilimkuta mmoja huko Chamwino, kidole bado kina wino wa zambarau. Asubuhi amebandika dole kuuza ekari tatu. Jioni anamwuliza mjukuu, "Ng'ombe wamerudi?" Zizi lile halijalaza ng'ombe miaka mingi.

Jirani mmoja akasema huyu kichaa, mkataba batili. Mwingine akabisha: mbona anatutaja wote kwa majina? Wote wawili walipita pembeni mwa hoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inataka mtu awe na akili timamu. Cha 12 kinafafanua: aelewe mkataba na apime utakavyogusa maslahi yake, wakati anapouingia. Wakati ule! Mwenye akili inayokwenda na kurudi anaweza kuuza siku imerudi. Kwa hiyo cheti cha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, cha mwaka juzi peke yake hakimalizi kesi. Uzee peke yake ndiyo hauimalizi kabisa.

Wenye haraka hukimbilia hati ya uwakili, mtoto asaini badala ya baba. Aliyekwisha kupotewa na akili hawezi kuitoa. Na aliyeitoa akiwa mzima, akili ikiondoka, uwakili nao unakoma. Hapo ni kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Safari ndefu, sikatai.

Ninyi wasaidizi wa kisheria mnatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mahakamani hamsimami kama mawakili, ila ushahidi mnaweza kutoa, na hapo daftari lako lina kazi. Mzee akiletwa kwako, mtoe nje kwanza huyo aliyemleta. Usiulize "Mzee, umekubali?" Mzee mwenye adabu hamwambii mgeni hapana. Uliza shamba lipi, nani ananunua, hela ziko wapi. Andika majibu kwa maneno yake, Kigogo kibaki Kigogo, na uandike saa.

Yule wa Chamwino nilimwuliza msimu ujao atalima wapi. Akanyoosha kile kidole cha zambarau, akanionyesha zile ekari tatu.