Kibao cha 50 na mita zake

Shikamooni wazee, na ninyi vijana wa mafunzo ya udereva, hamjambo.

Leo nina kibao kimoja tu: duara jeupe, ukingo mwekundu, namba 50 katikati, yaani mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro mnavipita vingi mpaka mnavichukia. Konda anasema, "Mbele kuna tochi," ile ya trafiki ya kupimia mwendo, basi linanywea. Trafiki akishapitwa, mguu unarudi palepale kwenye mafuta. Anayetoka mbele naye anakuwashia taa kukuonya. Kibao tumekifanya habari ya trafiki na faini ya shilingi 30,000.

Sasa tupige hesabu. Ukiwa 50, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya meza ya nyanya, kama sekunde nzima inaisha kabla breki hazijashika. Gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Haya, njoo na 80: sekunde ile ya mshtuko peke yake imekula mita 22. Pale mwenzako wa 50 alipokwisha simama, wewe ndiyo kwanza breki zinaanza kushika, na bado uko zaidi ya 70. Zaidi ya sabini, jamani! Hapo sijagusa basi lenye abiria na mizigo, wala mvua.

Mtu atasema, "Nimezidisha thelathini tu." Umbali wa breki hufuata mraba wa mwendo, kutoka 50 hadi 80 unakuwa mara mbili na nusu.

Ajabu, ndani ya hifadhi ya Mikumi utawaona madereva wakipunguza wenyewe. Kule mnyama ukimgonga ana bei yake, tena kwa dola.

Kuna aliyeniuliza mlangoni: kibao cha kumaliza 50, kile chenye mistari iliyokatiza namba, kikiwa kimeibwa je? Vyuma vinaibwa, kweli. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka 50 kwenye maeneo ya makazi. Ukiona bado kuna nyumba na watu wanavuka, usikanyage mafuta. Na ninyi viongozi wa vijiji mlioko hapa, miti inayofunika vibao ipunguzeni matawi wiki hii hii, kabla mvua hazijaichipuza tena.