Martin Eden: Baharia wa Oakland Aliyehamishiwa Napoli

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuna filamu ya Kiitaliano ya mwaka 2019, Martin Eden, ya mwongozaji Pietro Marcello. Imetokana na riwaya ya Jack London, mwandishi Mmarekani, iliyotoka 1909. Tutaisema mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hupendi kusimuliwa, itazame kwanza ndipo urudi. Kaka Bakari, karibu.

BAKARI: Ahsante, dada Zuhura. Mimi nimekuja na manung'uniko.

ZUHURA: Hata hujakaa vizuri!

BAKARI: Sikiliza. Riwaya ni ya Oakland, California. Baharia kijana asiye na shule anamwokoa mtoto wa tajiri kwenye ugomvi, anakaribishwa nyumbani kwao, anamwona dada wa yule kijana, basi, kwisha habari yake. Anaapa atajisomesha, awe mwandishi, amuoe. Sasa Marcello kayachukua yote hayo kayapeleka Napoli. Yule dada, Ruth, kawa Elena. Na mwaka hautajwi! Mara nguo za enzi za babu, mara televisheni. Mtazamaji ashike lipi?

ZUHURA: Asishike lolote, ndivyo alivyotaka. Marcello ametokea kwenye filamu za hali halisi. Humu ndani anapachika vipande vya picha za kale: watoto wa mitaani, umati wa watu. Mwanzoni tu unamwona Errico Malatesta, yule Mwitaliano mpinga dola. Na sehemu alizopiga mwenyewe katumia mkanda wa milimita 16, kwa hiyo chengachenga zinafanana, mshono huuoni. Martin anakuwa mtu wa karne nzima ya ishirini.

BAKARI: Picha ni nzuri, sibishi. Ila njaa imepungua. London aliijua njaa, bwana! Kazaliwa San Francisco 1876, ujanani akawa mwizi wa chaza kwenye ghuba, 1893 akapanda meli ya kuwinda sili. Alipoanza kuandika, wahariri walimrudishia miswada marundo kwa marundo. Ndiyo maana kitabuni unahesabu naye kila senti ya stempu. Koti linawekwa rehani, baiskeli rehani, suti rehani. Na suti ikiwa rehani hawezi kwenda kwa kina Ruth! Mapenzi yanasubiri suti ikombolewe.

ZUHURA: Hapo umenipata. Filamuni bahasha zinarudi, lakini hesabu ya senti haipo.

BAKARI: Halafu ile ruka. Sasa hivi ni fukara, ukipepesa jicho ni tajiri mwenye jina.

ZUHURA: Mimi ndipo iliponikamata. Unamkuta kapaka nywele rangi, meno yameharibika, kila anayemsogelea anamchukia, na nafsi yake anaichukia zaidi. Luca Marinelli, anayemcheza Martin, hakupewa Kombe la Volpi la mwigizaji bora kule tamasha la filamu la Venezia kwa bure. Mwaka ule filamu ya Joker ndiyo iliyobeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha, kwa hiyo ushindani haukuwa wa kitoto.

BAKARI: Lakini chuki hiyo imetoka wapi? Kitabu kinakuonyesha. Kazi wanazozisifu leo ni zilezile walizozirudisha jana, hakuongeza hata koma. Alipolala na njaa hakuna aliyemwita mezani. Sasa ana uwezo wa kununua hoteli nzima, mialiko inamiminika. Anakaa anajiuliza: wanamlisha nani? Kurasa na kurasa anazunguka na swali hilo moja.

ZUHURA: Na wasomaji wakatoka wakisema, tazama, kijana alijituma akafanikiwa!

BAKARI: Hilo kweli.

ZUHURA: London mwenyewe alilalamika. Alimwandikia mwandishi mwenzake Upton Sinclair kwamba alikusudia kushambulia ubinafsi kupitia huyo shujaa wake, ila lazima aliboronga, maana hakuna mhakiki aliyeliona. Martin kamsoma Herbert Spencer, mwanafalsafa Mwingereza, kaamini mwenye nguvu ndiye anayestahili. Anakwenda mkutano wa wasoshalisti kuwabeza, kesho yake gazeti linamwita yeye ndiye msoshalisti!

BAKARI: Nilicheka sana hapo.

ZUHURA: Hapo kuna Brissenden, mshairi mgonjwa, Carlo Cecchi kamcheza vizuri mno. Kitabuni anamwambia awe msoshalisti kabla yeye hajafa, ili apate sababu ya kuishi. Martin hasikii. Sasa Marcello kampa ule uso uliooza ili asitokee tena mtu wa kumsoma kama hadithi ya mafanikio. Alichoboronga London, yeye kakinyoosha.

BAKARI: Kakinyoosha kupita kiasi. Chukua mwisho. Riwayani Martin yuko kwenye meli ya abiria inayoelekea visiwa vya Pasifiki, usiku, anapenya kwenye kidirisha cha chumba chake anajitosa. Hakuna anayejua. Filamuni yuko ufukweni, mchana haujaisha, mtu anatangaza vita vimeanza, ndipo anaingia majini. Mauti ya mtu mmoja yamegeuzwa taarifa ya habari.

ZUHURA: Vita vya nani? Havitajwi!

BAKARI: Ndiyo nasema! Mimi nilitaka nibaki na Martin tu. Yeye kaniletea Ulaya nzima ufukweni.

ZUHURA: Kwa sababu Ulaya nzima iliamini alichokiamini Martin, kaka.

BAKARI: Basi atengeneze filamu ya Ulaya. Mimi baharia wangu anirudishie.