Mikono ya Mpiga Drams: Kurekodi Video Studioni

MPIGA PICHA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nitaanza na bangili zangu, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha kazi ya kumrekodi mpiga drams studioni, na fundi aliyeketi hapa ndiye shahidi.

FUNDI SAUTI: Shahidi na mlalamikaji, dada. Tulikuwa tunarekodi wimbo wa dansi hapa Dar es Salaam. Mpiga drams amekwisha piga pigo la mwisho, toazi linavuma na kufifia polepole, sote tumeshikilia pumzi. Ndipo zile maikrofoni mbili za juu, ambazo kazi yake ni kunasa kila kinacholia chumbani, zikanasa bangili zikigongana mkononi mwako ulipokuwa ukigeuza lenzi.

MPIGA PICHA: Wimbo ukarudiwa wote. Tangu siku hiyo ninaingia mikono mitupu, viatu ninaviacha mlangoni, na nikishachagua mahali pa kusimama sisogei mpaka toazi linyamaze.

FUNDI SAUTI: Gitaa la umeme naweza kulirekodi kwa waya bila maikrofoni hata moja, nawe ukazunguka utakavyo. Drams haziko hivyo, kwani chumba chenyewe ni sehemu ya chombo.

MPIGA PICHA: Wengi huniuliza kwa nini nisisubiri rekodi ikamilike, kisha mwanamuziki aigize huku wimbo ukichezwa kwenye spika. Mwimbaji anaweza kuigiza, tena vizuri. Mpiga drams anayeigiza hupunguza nguvu bila kujijua: kijiti kinashuka, toazi halitikisiki inavyopaswa, ilhali sauti inayosikika ni ya pigo zito. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, lakini moyo wake unakataa.

FUNDI SAUTI: Hata ukirekodi pigo lenyewe, kazi ya kulinganisha picha na sauti inabaki. Kwa fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, kila fremu huchukua sekunde 0.04, na kwenye sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kosa la fremu mbili tatu linaonekana waziwazi. Sisi hatuhitaji kupiga makofi mbele ya kamera, kwa sababu mpiga drams mwenyewe hugonga vijiti mara nne kuhesabia wenzake; pale vijiti vinapokutana ndipo tunapofunga sauti ya studio kwenye picha. Sauti iliyonaswa na kamera tunaitumia kama mwongozo tu, kisha tunaizima. Ila usiache kamera iende nusu saa bila kukatwa, maana saa yake ya ndani na ya kinasa sauti cha studio hazitembei sawasawa kabisa, na tofauti ndogo hujilimbikiza.

MPIGA PICHA: Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara mbili kila mzunguko, hivyo mara 100 kwa sekunde. Ukiweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, unaepuka ile mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe, huweza kukuletea mistari hiyo, na juu yake vijiti vilivyopinda kama mpira, kwa sababu kihisi chake husoma picha mstari kwa mstari wakati kijiti kiko mwendoni.

FUNDI SAUTI: Mimi huwaza bendi za miaka ya 1970 zilizorekodi Radio Tanzania. Sauti zao tunazo, lakini televisheni Tanzania Bara ilikuja miaka ya 1990. Kijana akitaka kujua mpiga drams wa wakati ule aliufungua vipi mkono wa kushoto wimbo ulipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka, hana budi kukisia kwa sikio.

MPIGA PICHA: Ndiyo maana siku hizi naelekeza kamera moja kwenye mikono na nyingine kwenye mguu wa kulia, hata kama uso hauonekani. Lakini kurekodi si ruhusa ya kusambaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia msanii anayetumbuiza, hata asipokuwa mtunzi, nami humwonyesha kila kipande kabla sijakipandisha mtandaoni.

FUNDI SAUTI: Na kile kipande cha video ambapo kijiti kilimponyoka mpiga drams?

MPIGA PICHA: Alikikataa kwanza. Nikamrudishia taratibu, akaona jinsi mkono wa kulia ulivyoendelea na toazi huku wa kushoto ukichomoa kijiti kingine mfukoni mwa begi, bila pigo la sneya linalofuata kuchelewa. Akanyamaza, akaomba nirudie mara ya pili, kisha ya tatu.

FUNDI SAUTI: Akaruhusu?

MPIGA PICHA: Kwa sharti moja, kaka: usiifute ile sauti ya kijiti kikianguka sakafuni.