Maarifa Yasiyoingia Kwenye Faili

MWENYEJI: Karibuni katika kipindi chetu, kutoka hapa Nairobi. Kaka, leo nina jambo linaloniuma. Chuo kikuu kimeajiri watu wa kufundisha, lakini wafanyakazi wenyewe hawafundishani. Kwa nini?

MWENZAKE: Dada, mimi naanzia kwenye namna tunavyosalimiana, tunavyosikilizana na tunavyoulizana. Mwaka 1966 mwanafalsafa Michael Polanyi alieleza kwamba mtu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Maarifa ya namna hiyo hayaingii kwenye faili. Huyapata yule anayekaa karibu na mwenye nayo, tena akiwa ameaminiwa.

MWENYEJI: Niliyaona hayo katika idara niliyowahi kufanya kazi. Fundi wa maabara alikaribia kustaafu, akatakiwa kuandika ripoti ya makabidhiano, akaandika kurasa mbili. Lakini palikuwa na mhadhiri kijana ambaye kila asubuhi alipita kumjulia hali mzee, na saa nne wakanywa chai pamoja bila haraka. Siku moja mzee akamshika mkono, akauweka ubavuni mwa mashine ya kuzungushia sampuli, ili auhisi mtetemo mdogo unaotangulia kuharibika kwake. Mtetemo ule haumo katika zile kurasa mbili.

MWENZAKE: Mtaalamu wa Kijapani, Ikujiro Nonaka, amesimulia kisa kinachofanana na hicho. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya umeme, Matsushita, ilishindwa kuunda mashine ya nyumbani ya kuoka mkate mzuri, mpaka mhandisi wake mmoja alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akaona jinsi alivyouvuta na kuusokota unga uliokandwa.

MWENYEJI: Je, mtu mwenye aibu atakosa maarifa kwa sababu hakujaliwa uchangamfu?

MWENZAKE: Hapana. Wachangamfu wengi hawasikilizi. Stadi ngumu zaidi ni kusema "sijui, naomba unionyeshe", hasa profesa anapomwambia hivyo karani wa mitihani. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu timu 51 za kazi katika kampuni moja ya viwanda, akaonyesha kwamba watu wasioogopa kuaibishwa wakiuliza au wakikiri kosa ndio wanaojifunza zaidi.

MWENYEJI: Hilo linamhusu mkuu wa idara kuliko mtu yeyote, kwa kuwa akimkemea mmoja kikaoni kwa swali alilouliza, wengine wote wanafunga midomo muhula mzima.

MWENZAKE: Kabisa. Halafu kuna mhadhiri wa muda, ambaye asubuhi anafundisha katikati ya jiji na alasiri yuko ndani ya matatu, barabara ya Thika, akiwahi darasa jingine. Huyo hata awe na ulimi wa asali, chai ya saa nne atainywa na nani?

MWENYEJI: Basi idara impe kwanza meza na kiti, pale pale wanapokaa wenzake, na jina lake liwemo katika orodha ya wanaoitwa kikaoni.