Jicho Lililopofuka Bado Lina Njia

Mabibi na mabwana, mtu aliyepofuka kwa kuharibika retina, yaani utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, je, jicho lake limekufa lote? Kilichokufa ni tabaka moja, na mazungumzo yetu leo, kuhusu molekuli zinazoweza kulifanya jicho kipofu lihisi mwanga tena, yanategemea hilo.

Tabaka la kupokea mwanga lina seli za fito, za kuonea penye mwanga hafifu, takriban milioni 120, na za koni, za kuonea mchana na rangi, takriban milioni 6. Kwenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua retina polepole, fito hutangulia kufa, ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kupapasa gizani. Koni hufuata. Seli za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo neva ya jicho, nyingi hubaki hai kwa miaka. Barabara ya kwenda ubongoni ipo. Msafiri ndiye hayupo.

Ndani ya fito na koni, mwanga hunaswa na retinali, molekuli itokanayo na vitamini A. Ikiguswa na mwanga hubadili umbo, na hapo kuona kunaanza. Azobenzini, molekuli ya kutengenezwa maabara, nayo ina tabia kama hiyo: gizani imenyooka, mwangani inapinda. Kundi la Richard Kramer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liliunda molekuli za aina hii zinazokaa kwenye mifereji ya ioni ya seli, yaani vijitundu vya kupitisha chembe zenye chaji ya umeme. Molekuli ikinyooka inaziba mfereji, ikipinda inaachia, ioni zinapita, seli inapeleka habari.

Mwaka 2012 walidunga molekuli iitwayo AAQ kwenye macho ya panya vipofu. Mboni zikaanza kusinyaa kwa mwanga, na panya wakawa wanaukwepa. Tatizo, AAQ ilidai mwanga mkali mno. Mwaka 2014 ikaja DENAQ, inayoitikia mwanga wa kawaida wa mchana. Kilichonivutia zaidi ni kwamba kwenye retina yenye afya haigusi karibu chochote. Huamsha ile iliyoharibika.

Ipo njia nyingine, ya kupandikiza jeni la protini inayohisi mwanga, protini ambazo asili yake ni mwani. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mwanamume wa miaka 58, kipofu kwa retinitisi pigmentosa, aliweza kutambua vitu mezani na kuvigusa, baada ya miezi ya mazoezi na akiwa amevaa miwani maalumu yenye kamera. Bila miwani, hakuweza.

Mimi, nikilazimishwa kuchagua, naegemea molekuli. Jeni likishaingia halitoki. Dawa huisha yenyewe baada ya siku au wiki. Ikileta madhara, unaacha kudunga. Bei yake ni sindano za mara kwa mara ndani ya jicho, na hilo si dogo kwa anayedungwa.

Na msitarajie picha ya zamani. Kwenye jicho lenye afya, baadhi ya ganglioni hutangaza mwanga ukiwaka, nyingine ukizimika. Molekuli haijui mgawanyo huo: zote hupiga kelele pamoja, na ubongo lazima ujifunze lugha hiyo upya.

Karibuni kwa maswali.